Dakika Mbili za Dada Mizinga

Kuna benchi la kukalia na kuna benchi la kuhukumia dunia, na lile la barazani kwa Fundi lilikuwa la namna ya pili. Mbao mbili ndefu juu ya matofali, nafasi ya watu wanne wenye adabu au watano wanaosukumana, limeelekezwa kwenye cherehani kwa upande ambao jua la asubuhi halifiki. Fundi alikuwa akishona sare za shule na suruali za watu wazima, na kwa jinsi alivyozoea kelele za pale alijua kupunguza mwendo wa pedeli bila mtu kugundua, neno linaponoga. Kila asubuhi kwenye benchi alikuwapo Dokta, ambaye ni daktari wa simu, si wa watu, ingawa ushauri aliwapa wote. Mama Birika, aliyemimina kahawa na kubisha kwa pumzi hiyohiyo. Na Balozi, mstaafu aliyeendesha gari la ofisi moja ya wageni kwa miaka kumi na minane, kwa hiyo hakuna kinachofikiriwa ng'ambo asichokijua. Hakuna aliyewahi kuwaomba maoni, na labda ndiyo maana hayakuwaishia.

Alhamisi hiyo Dada Mizinga alifika bila dumu la asali. Hilo peke yake lilitosha kumfanya Fundi anyanyue kichwa. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mrina asali mtoto wa warina asali, na kwa miaka sita kila Alhamisi alikuja mjini kuuza, na akishamaliza huja kupumzisha miguu kwenye benchi. Leo mkononi alikuwa na bahasha, na kwapani mfuko mkubwa wa nailoni.

– Kaka, akamwambia Fundi, nimeisoma hii mara tatu. Hebu isome kwa sauti nijue kama nimeisoma sawasawa.

Fundi akafuta mikono kwenye suruali yake, akaisoma. Ilikuwa barua yenye nembo tatu juu na saini mbili chini. Alikuwa anaalikwa kwenye mkutano mkuu wa dunia wa tabianchi, yeye, mwakilishi wa jamii ya msituni. Tiketi ya ndege ipo. Kitanda kipo. Chai ya asubuhi imo ndani ya kitanda. Siku ya tatu atapewa dakika mbili za kuzungumza mbele ya wajumbe wa mataifa. Na chini kabisa, kwa herufi za mlazo: wajumbe wa jamii za asili wanaombwa kuja na mavazi yao ya asili.

– Dakika mbili, akasema Mama Birika. Kahawa yangu haijafika hata tumboni.

– Wewe hujui, akasema Balozi. Kule dakika mbili ni heshima. Bosi wangu alisubiri miezi saba apewe dakika moja.

– Akasema nini?

– Alishukuru. Ikaisha.

– Hayo ya dakika tutayafikia, akasema Dokta huku akipuliza vumbi kwenye tumbo la simu ya mtu. Kwanza vazi. Dada, kwenu mnavaa nini cha asili?

Dada Mizinga akafungua mfuko wake. Akatoa koti refu la kiume, zito, rangi yake imekimbia zamani, mikono yote miwili imekuwa myeusi kwa moshi. Kisha akatoa jozi ya mabuti ya mpira.

– Hili hapa, akasema.

Wakalitazama.

– Hilo koti la marehemu, akasema Balozi.

– La marehemu baba. Ndilo ninalopandia mtini. Nyuki hawapenyi. Mama alikuwa na lake, na bibi alikuwa na la mjomba wake. Asili gani tena unaitaka wewe?

– Dada, hawatalipenda, Balozi akasema kwa huruma kabisa, kama anamwambia mgonjwa. Mimi nimewabeba watu wale kwenye gari. Ukivaa koti watafikiri wewe ni mmoja wa walinzi. Wanataka manyoya. Kitu kichwani.

– Manyoya ya nani? Kwetu tunarina asali, hatufugi kuku.

– Basi magome ya mti, akasema Dokta. Yashonwe vizuri, yakufike magotini.

– Avae magome halafu wamkamate kwa kuharibu msitu, akasema Mama Birika. Akili zako zimekaa ndani ya hizo simu.

Fundi, moyoni, alishaanza kukata kitambaa. Aliona gauni refu la rangi ya udongo, nyuki wamedariziwa kwenye pindo, na picha yake imepigwa na kutumwa dunia nzima, na mtu mmoja katika dunia hiyo anauliza ni nani fundi wa kazi ile. Binadamu ni binadamu. Akavuta utepe wa kupimia shingoni na kumwomba Dada Mizinga asimame.

– Nipime, akasema Dada Mizinga, lakini shida yangu si nguo.

Shida yake wote waliijua, au walifikiri wanaijua. Miaka minne nyuma msitu wa kwao ulifungwa. Haukufungwa kwa ubaya, ndivyo walivyoambiwa. Ulifungwa kwa wema. Viwanda vya mbali huko vinatoa moshi, msitu unaumeza, basi wenye viwanda wakakubali kuulipia msitu usiguswe, ili nao waendelee kutoa moshi wao bila kunung'unikiwa. Watu wa Dada Mizinga, ambao hawajawahi kuwa na msumeno, wakateremshwa mpaka kwenye nyumba za bati kando ya barabara kuu. Mizinga yao ikabaki juu ya miti, mikavu, mingine imeanguka. Asali aliyokuja nayo mjini tangu hapo ilikuwa ya mizinga michache aliyoitundika kwenye miti ya barabarani, nyepesi, inanukia vumbi, na watu wa benchi waliinunua bila kusema. Ramani mpya ikachorwa. Mahali walipoishi wao pakaandikwa kwamba hapana watu. Na ramani hiyo ndiyo iliyokuwa inakwenda kupigwa muhuri kwenye mkutano huo, kwa miaka thelathini.

– Wakipiga muhuri, akasema Dada Mizinga, mikono ameitanua ili apimwe, mwanangu wa mwisho ataruhusiwa kuuliza akiwa na miaka arubaini. Na mimi nitakuwa nimeshakufa. Kwa hiyo nina dakika mbili za kuwaambia kwamba kuna watu. Na kwetu namna ya kulisema jambo hilo ni moja tu.

Akawaeleza. Kwao mti wa mzinga hauna karatasi. Unatajwa. Kila ukoo una mstari wake wa miti, na mwenye zamu ya kuurithi anautaja, mti baada ya mti kama njia inavyokwenda: jina la mti, nani alitundika mzinga wa kwanza, nani ameushika sasa. Unaanzia popote uliposimama, hiyo haina shida. Lakini ukishaanza, huruki. Ukiruka mti, umeuacha, na jirani yako akiuchukua hakuna wa kumsemesha. Na ukifunga mdomo mwenyewe kabla ya kufika mwisho, iliyobaki yote umeiacha vilevile.

– Mjomba wangu aliruka miwili msibani, usingizi ulimpitia, akasema. Miti mizuri kweli. Mpaka leo ni ya majirani zetu, na mjomba akipita chini yake anainamisha macho.

– Miti yenu mingapi? akauliza Dokta.

– Mia mbili na kumi na minne.

Mama Birika akaacha kumimina.

– Kwa dakika mbili?

– Kwa dakika mbili.

Dokta, ambaye matatizo yote aliyaona kama ya betri, akachukua simu moja iliyokuwa imepona na kuweka saa. Hebu ataje, tuone atafika wapi. Dada Mizinga akashusha mikono, akavuta pumzi, akaanza: Kibogoyo, alitundika babu mzaa baba, akampa shangazi, sasa ni wangu. Mwerezi wa Njia Panda, alitundika shangazi, sasa wa kaka. Pacha wa Kulia. Pacha wa Kushoto. Alisema bila haraka, macho yake yakiwa juu ya paa la duka lililokuwa mbele, na kila jina alilipa nafasi yake. Watu wa benchi walikuwa wamemwinamia Dokta kwenye kioo, wanaangalia namba zinavyokimbia.

Simu ikalia akiwa kwenye mti wa tisa.

– Tisa, akasema Dokta. Sasa hapo tuna mia mbili na mitano inadai.

Na hapo benchi likaamka. Kwa kweli lilimpenda Dada Mizinga, na benchi hilo lilikuwa na namna moja tu ya kumwonyesha mtu mapenzi, nayo ni kumpa mawazo ambayo hakuna mtu mwenye akili angeyafuata.

– Sema mbio, akashauri Dokta. Kama wale wa redioni wanaosoma masharti ya bahati nasibu. Wale katika dakika mbili wanamaliza kitabu.

– Mti ukitajwa mbio, huyo babu aliyeutundika atajuaje kama ni yeye? akauliza Dada Mizinga.

– Basi aazime dakika za wengine, akasema Mama Birika. Kwenye mkutano wa watu wote hao lazima wapo wanaosinzia. Ukiona mjumbe amelala, unamgusa bega, kaka, hizo dakika zako unazitumia?

– Hapana, hapana, hamwelewi, akasema Balozi na kuweka kikombe chini, ishara kwamba anaanza. Wakubwa wa kule hawasikii kwa masikio. Mimi nimekaa nao. Unamwambia mtu gari halina breki, anatabasamu. Unamwandikia kwamba gari halina breki, unaambatisha na kiambatisho, anashuka. Wanasikia kwa karatasi. Kwa hiyo asiseme kitu. Apande jukwaani na karatasi mia mbili na kumi na nne, azigawe, ashuke.

– Karatasi zinatokana na nini? akauliza Mama Birika.

Balozi akafikiri.

– Na miti, akakubali.

Fundi akaona ndiyo nafasi yake. Akaondoa pini midomoni.

– Nitaishona, akasema. Gauni lenyewe ndilo litakalotaja. Nadarizi kila mti na jina lake, kuanzia pindoni kupanda mpaka shingoni. Yeye anasimama tu, anazunguka taratibu, dakika mbili. Wanasoma.

Kisha Dokta akapiga hesabu: herufi ikiwa ya kusomeka kutoka viti vya nyuma, miti mia mbili na kumi na minne inataka gauni la mita arubaini.

– Atakuwa anavutwa na mkokoteni, akasema Mama Birika.

– Ndiyo wamwone vizuri, akasema Fundi, lakini hata yeye alishajua limekufa.

Dokta ndiye aliyewapeleka mbali zaidi. Alisema wao wote wanalichukulia jambo hili kama maombi, na hapo ndipo wanapokosea. Msitu umemeza moshi wa watu kwa miaka. Sasa kitu kinachojazwa kila siku na hakitumiki kinakuwaje? Kinavimba. Yeye amefungua betri za simu za kila namna, na anajua. Kwa hiyo msitu umevimba, umejaa moshi wa watu mpaka kwenye matawi, na wakubwa wanajua, na ndiyo sababu hasa ya kuwatoa watu mle: wasisikie unavyogugumia.

– Kumbe, akasema Balozi, na macho yalimng'aa kwa sababu jambo hilo lilikuwa la siri na la ng'ambo. Ndiyo maana wanaweka walinzi. Si wa kuzuia watu kuingia. Ni wa kuzuia moshi kutoka.

– Basi kazi rahisi, akasema Mama Birika. Dada anawaambia: msipoturudisha, tunafunga miti yote midomo kwa mifuko ya nailoni. Wiki moja tu. Moshi wao wakae nao wenyewe sebuleni, uone kama hawatakuja na ramani nyingine.

– Au aingie na mzinga mmoja ukumbini, akasema Balozi. Mzinga wenye nyuki. Anauweka mezani, anautaja huo mmoja, anafungua. Nyuki hawajui dakika mbili ni nini.

Dada Mizinga alicheka mpaka akashika ubavu. Alicheka kwa sababu walikuwa wanachekesha, na kwa sababu walikuwa upande wake, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayeishi kando ya barabara kuu. Lakini Fundi alikuwa karibu yake, anaandika kipimo cha bega kwenye daftari, na alimwona kidole gumba kinavyotembea juu ya vifungo vya lile koti, kimoja baada ya kingine, midomo ikicheza bila sauti. Alikuwa anahesabu miti. Anapima ni ipi anaweza kuishi bila hiyo.

Penye nguzo ya baraza alikuwa amesimama mama mmoja, mfagizi wa zahanati, bado na sare yake ya kazi. Alikuja kuchukua sketi ya binti yake na akaambiwa asubiri dakika tano, na dakika tano za Fundi zilikuwa zimetimiza nusu saa. Hakuwa mtu wa benchi. Alikuwa amesikiliza yote ameegemea nguzo, mfuko wake umening'inia mkononi.

– Samahanini, akasema. Mimi si wa hapa, naomba tu kuelewa. Hiyo miti mia mbili na kumi na minne, ninyi wenyewe mmeshaisikia yote?



Dokta akaanza kutafuta skrubu ambayo haikupotea. Balozi akasema, kimsingi, halafu ile kimsingi akaiacha hapohapo. Mama Birika akafungua kifuniko cha birika, akachungulia, akafunika.

– Nimesikia ile tisa ya leo, akasema mwishowe. Na nayo nilikuwa naangalia simu.

Fundi alikuwa na lake, na lilikuwa baya zaidi. Mwaka jana, siku kama hii, Dada Mizinga alikaa palepale akiwa peke yake na kumwuliza, Fundi, nikutajie? Naye akiwa na pini mdomoni akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hakufika mti wa pili, akaingia mteja na suti ya harusi iliyobana. Fundi akanyanyua kidole: subiri kidogo, dada. Akasubiri. Alisubiri mpaka bitana ikafumuliwa na ikarudishwa, kisha akachukua dumu lake tupu na kuondoka, akaaga vizuri. Fundi hakumwambia tena endelea. Suti ile aliikumbuka mpaka rangi ya uzi. Mti hata mmoja hakuukumbuka. Akaona haya, haya ya kweli inayopanda mpaka masikioni.

– Mimi sijaisikia, akasema. Miaka sita, na sijaisikia.

Akaondoa mguu kwenye pedeli. Akavuta kigoda chake kutoka nyuma ya cherehani, kitu ambacho benchi halijawahi kukiona saa za kazi, akakiweka mbele ya Dada Mizinga.

– Anza, dada. Pale mwanzo.

– Ni ndefu. Ikitajwa vizuri inakwenda mpaka adhuhuri.

– Kwani sisi tunakwenda wapi?

Dada Mizinga akamtazama, akawatazama wote, kama mtu anayeona kama ngazi imekaa sawa kabla ya kuipanda.

– Haitajwi peke yake, akasema. Mmoja anataja, mwingine anaitikia. Mimi nikimaliza mti, wewe unasema: upo. Usipoitikia, mimi sisogei. Ndivyo inavyokuwa.

– Mbona mwanzo hukutuambia? akauliza Dokta.

– Mlikuwa mnaangalia saa. Ile haikuwa kutaja, ilikuwa kupima tu.

Dokta akaiweka simu kifudifudi mezani.

Akaanza. Kibogoyo, alitundika babu mzaa baba, akampa shangazi, sasa ni wangu. Upo, akasema Fundi peke yake, na sauti yake ikamshangaza. Mwerezi wa Njia Panda, alitundika shangazi, sasa wa kaka. Upo, wakasema wawili. Kufikia Pacha wa Kushoto walikuwa wote, na mama wa zahanati naye, pale nguzoni. Mwanzoni waliitikia kama darasa. Baadaye hawakuitikia kama darasa. Ulipofika mti wa Kwenye Maji, Fundi aliona kwamba njia inashuka, na kwamba yule shangazi lazima alikuwa mrefu, kwa sababu mizinga yake yote ilikuwa ya juu. Balozi alivua kofia bila kuambiwa. Mteja mmoja alikuja kuulizia suruali, akamkuta Fundi hana habari naye, akakaa kwenye ngazi. Wa tisa ukapita. Wa kumi. Wa kumi na tatu ulikuwa unaitwa Mchoyo, kwa kuwa haukuwahi kujaa asali, na hata huo una mwenyewe, na hata huo walisema upo.

– Mlezi, akasema Dada Mizinga. Alitundika bibi mzaa mama, akiwa na mimba ya mama. Hapo ndipo kila binti wa kwetu anatundika mzinga wake wa kwanza. Wangu nilitundika nikiwa na miaka tisa. Sasa ni wa binti yangu.

– Upo, wakasema.

– Haupo, akasema Dada Mizinga.

Hakupandisha sauti.

– Umekatwa mwaka jana. Walileta chombo cha kupimia msitu umemeza moshi kiasi gani, na hicho chombo lazima kione anga. Mlezi ulikuwa unakiziba. Wakaukata, wakakiweka pale.

Balozi alikuwa na kofia yake magotini.

– Wakaukata hao hao waliofunga msitu usikatwe?

– Hao hao.

– Ili wauhesabu?

– Ili wauhesabu. Ndiyo ile Alhamisi niliyokuja kukutajia, kaka.

Hilo la mwisho alimwambia Fundi, bila kumlaumu, na ingekuwa afadhali kama angemlaumu. Mtu yeyote aliyelijua benchi lile angetegemea hapo litoke wazo, hata la kijinga. Halikutoka.

– Sasa huo, akauliza mama wa zahanati taratibu, tunauitikia nini?

Dada Mizinga akafikiri. Ilionekana kwamba hakuwahi kuulizwa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akilipita swali hilo kila siku.

– Sijui, akasema. Mti ukianguka kwa upepo au kwa uzee, tunasema umelala. Hilo jibu lipo. Lakini kwetu hakuna aliyewahi kuukata mti wenye mzinga. Wa kukatwa hatuna jibu lake.

Akachukua koti la baba yake pale lilipokuwa, akaanza kulivaa, mkono mmoja, na mkono wa pili.

– Basi huko nitaanzia huu, akasema. Nitautaja Mlezi, halafu nitangoja waniitikie.

– Na wasipoitikia? akauliza Dokta.

– Sisogei. Sitakuwa nimeruka, sitakuwa nimemaliza. Nitakuwa kwenye mti wangu, nasubiri. Hata mmoja sitakuwa nimeuacha.

– Dakika mbili nzima? Kimya, mbele ya dunia?

– Si wao waliozitoa?

Mama Birika akajifuta macho kwa pembe ya kitambaa chake cha vikombe na hakujificha. Balozi alisema kwa sauti ya chini kwamba katika miaka kumi na minane hakuwahi kumwona mkubwa hata mmoja aliyeweza kukaa kimya dakika moja, na kwamba hiyo haitakuwa rahisi kwao. Kisha akasema, hebu tujaribu, dada, ili ukifika huko miguu iwe imeshazoea.

Dada Mizinga akafunga vifungo mpaka shingoni. Akasimama katikati ya baraza, mbele yao, na kusema: Mlezi, alitundika bibi mzaa mama, sasa ni wa binti yangu. Halafu akangoja.

Walijua kwamba ni mazoezi tu. Hata hivyo ilikuwa vigumu. Fundi alitazama mikono yake, akatazama sketi iliyoshonwa nusu, akatazama mabuti ya mpira, na kila alipojaribu kupandisha macho yafike usoni mwake aliyarudisha. Alitafuta neno la kusema, lolote, na kila alilolipata lilikuwa dogo. Mtu wa suruali pale ngazini aliacha kutikisa mguu. Hakuna aliyehesabu dakika. Zilikuwa mbili, au zilikuwa kumi, na hapo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekata mti.

– Dada, kaa basi, Fundi akamwomba.

– Sijajibiwa, akasema, na akabaki amesimama.